Ukungu Kwenye Kidirisha cha Kamera

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wapwa zangu wote, mkubwa kwa mdogo. Natumaini zinawakuta wazima, na kwamba goti la shemeji limepungua uvimbe, anapanda ngazi sasa bila kumlaani fundi aliyezijenga. Sisi huku ni wazima, na safari hii neno hilo siliandiki kwa mazoea. Ni wazima kweli. Dawa ya kuchua mgongo uliyonitumia ilifika salama, asante sana, ila habari zake zina aibu kidogo na utazikuta huko mbele.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu wewe hunipi nafasi, nikisema neno moja unanijibu kumi, kisha salio linakwisha kabla sijafika nilikokuwa nakwenda. Haya ya leo nataka uyasome umekaa, na usinikatize. Naanza na mwisho wake ili moyo usikupande: macho yangu ni mazima. Daktari ameyapima yote mawili na kusema ugonjwa uliochukua macho ya baba haumo ndani yangu. Utauliza nani alisema umo. Ni mimi mwenyewe, dada. Kwa muda wote huu ulioniona kimya niliamini kwamba napofuka.

Unajua jinsi ndege walivyoniingia kichwani. Mtu anayeshinda kwenye kibanda cha kreni, juu ya mapaa ya watu, majirani zake ni ndege. Mbayuwayu wanapita chini ya miguu yake, na mwewe anakuja kutua kwenye mkono wa kreni na kumtazama kama mkaguzi aliyekuja kuuliza kibali cha ujenzi. Ndiyo maana mzee wa studio wa mtaani kwetu alipofunga duka nikaichukua kamera yake kubwa, ile ya kidijitali wanayotumia wapiga picha wenyewe, pamoja na lenzi yake nene kama paja. Siku za kazi inakaa juu ya kabati. Jumapili asubuhi naibeba mpaka kwenye dimbwi nyuma ya kiwanda cha matofali, ambako kuna mdiria anayevua samaki, nami nakaa kwenye majani nikimngojea apige mbizi. Wifi yako aliipa kamera jina tangu siku ilipoingia nyumbani. Anaiita mke mwenzangu. Akinikuta naifuta lenzi kwa kile kitambaa laini, husema yeye hajawahi kufutwa uso hivyo tangu aolewe.

Sasa nikueleze jambo moja la kamera hii, maana usipolielewa hutauelewa ujinga wangu. Simu yako inakuchorea picha kwenye kioo, kama runinga. Hii yangu sivyo. Ndani yake kuna kioo kidogo kilicholala mshazari, kinapokea mwanga kutoka kwenye lenzi na kuupandisha hadi kwenye kidirisha unachotia jicho. Unachokiona pale unakiona kwa jicho lako mwenyewe, kama unavyotazama dirishani. Ukibonyeza, kioo kinaruka, klap, na picha imeingia kwenye kadi. Kulenga inalenga yenyewe: ukigusa kitufe nusu tu, lenzi inazunguka mpaka imkamate ndege sawasawa.

Basi Jumapili moja nimekaa pale kwenye dimbwi, mdiria kaja, nikatia jicho na kuona doa la buluu ndani ya ukungu. Nikafuta kidirisha, nikakipulizia pumzi, nikafuta tena. Ukungu vilevile. Nikazungusha lenzi kwa mkono mbele na nyuma, wapi. Nikasema kamera imekufa. Nikapiga hivyohivyo kwa hasira, nikarudi nyumbani na kuzifungua picha kwenye kompyuta ya binti yangu. Dada, zilikuwa safi! Mdiria anaonekana mpaka tone la maji kwenye ncha ya mdomo. Mwingine angeruka kwa furaha, lakini mimi nilizifunga zote. Kamera imeona vizuri, kidirisha ni kisafi, na bado mimi naona ukungu. Sasa mgonjwa nani? Nilikaa pale mezani mpaka wifi yako akaniuliza kama nimeona jini.

Na jicho ninalotazamia ni la kulia. Wewe unajua zaidi yangu la baba lilianza lipi, na alikuwa na umri gani alipoanza kuweka kikombe pembeni ya meza badala ya juu yake. Mimi umri huo nimeufikia mwaka huu. Utaniuliza kwa nini sikujaribu kutazama kwa jicho la kushoto, mambo yakaisha siku ileile. Niliogopa. Nilijiambia la kushoto bado ni zima, na nikilitia kwenye kidirisha nikakuta nalo limekwenda, nitabaki na nini? Basi nikaliacha na uzima wake wa kudhania.

Hofu ikishakuingia, kila kitu kinakuwa ushahidi. Kazini nikaanza kuona ukungu kwenye kioo cha kibanda, kumbe ni vumbi la saruji. Nikaanza kujipima kwa kusoma maandishi ya malori yanayopita barabarani, na nikisoma vizuri sifurahi, nasema baba naye alisoma vizuri mpaka mwisho, kilichokwisha ni kuona pembeni. Siku moja nilikuwa na ndoo ya zege hewani, chini mafundi wa nondo wamejaa kama siafu, nikashindwa kushusha. Nilikodoa macho nikiwatafuta mmoja mmoja nihakikishe nawaona wote. Mtoa ishara akaniuliza kwenye redio kama nimelala. Nilishusha ile ndoo polepole kama naweka yai, kisha nikateremka ngazi, nikamwendea msimamizi na kumwambia siwezi kupanda tena kwa sababu ya mgongo.

Naam, dada. Ndio mgongo ule uliouombea dua. Haukuwa na kitu. Dawa yako nimempa mlinzi wa geti, na anaisifu kila asubuhi.

Wakanipeleka stoo. Nikawa mtu wa kugawa glavu na kupokea majembe, nimevaa miwani ya jua ili mtu asinisome macho. Kitini kwangu wakamweka dereva mwingine, kijana mwenye haraka, anayeshusha mzigo kama anayeutupa. Mimi niko chini nasikia minyororo inavyolia huko juu, na roho inaniuma, maana kazi ile ndiyo pekee ninayoijua vizuri. Nilikuwa nikijiuliza kipofu anafanya kazi gani, na sikumwambia mtu yeyote nyumbani. Wifi yako alijua mgongo, kama wewe. Alinikanda jioni kwa maji ya moto mgongo usiouma, nami nikaguna pale palipostahili.

Katikati ya hayo ndipo nilipoikuta kwenye kadi ile picha ya shomoro, ile niliyokutumia. Shomoro wa kawaida kabisa, kashika bomba la uani kwetu kwa kucha, kichwa chini, anapokea tone la maji linalovuja. Mwanga umempitia kwenye bawa. Miaka yote nimelala kwenye majani nikiumwa na mbu kwa ajili ya mdiria, sijawahi kupata picha kama ile. Sikukumbuka kuipiga. Lakini mimi nikishaisafisha kamera huwa naijaribu uani kwa kupiga ovyo, basi nikasema nilimpiga bila kumwona. Fikiria, dada. Nilidhani picha bora ya maisha yangu nimeipiga nikiwa sioni. Nikaipeleka ikachapishwe kubwa, nikakutumia, nikijua moyoni kwamba ni picha ya kuagia. Wewe ukanipigia ukisema umeitundika sebuleni na unamwonyesha kila mgeni kazi ya mdogo wako.

Kilichonitoa stoo ni yule dereva mwenye haraka. Alibeba fungu la mbao, akalizungusha bila kuangalia, likagonga kiunzi cha ghorofa na kukiangusha upande mzima. Mafundi walikuwa wametoka kula, la sivyo leo ningekuandikia mengine. Msimamizi alikuja stoo, kofia mkononi, akaniomba nirudi juu hata kama ni kwa kukaa na mto mgongoni. Nikirudi na macho yale, niliona mimi ndiye nitakayeua mtu. Nisiporudi, yule kijana atawamaliza. Nikamwambia anipe ruhusa ya saa chache, nikaenda moja kwa moja kwa daktari wa macho nikiwa na buti zangu za kazi.

Daktari ni mama mmoja mtaratibu, anaongea kama anayebembeleza mtoto. Nilimweleza habari za baba, nikamweleza na kamera. Akanitia dawa ya matone, akanimulika, akaniwekea kidevu kwenye mashine na kuniambia nibonyeze kitufe kila nitakapoona nukta ya mwanga, hata ikiwa pembeni kabisa. Nilibonyeza kama kundi la ndege limenipitia. Nilipomaliza alizipitia karatasi zake moja moja. Kisha akasema presha ya macho ni nzuri, mshipa wa nyuma ni mzima, pembeni naona kote, na mbali naona kuliko yeye. Kasoro yangu ni moja tu, kwamba mkono wangu umekuwa mfupi kwa kusoma gazeti, na hiyo ni ya umri, ina miwani yake. Nikamwomba arudie kupima. Akarudia, majibu yakawa yaleyale. Nililia mbele yake kama mtoto, na yeye akanipa karatasi laini na kuendelea kuandika, bila shaka ameshazoea. Nilipokuwa mlangoni akaniambia kama kwake naona na kwenye kamera sioni, basi niipeleke kamera ikapimwe.

Nikaichukua nyumbani, nikaenda kwa mzee wa studio. Yeye hata hakuiwasha. Aliusogeza kidogo mpira unaozunguka kidirisha, akanionyesha pembeni yake kigurudumu kidogo kuliko kifungo cha shati, ambacho miaka yote niliyoimiliki kamera hii sijawahi kujua kwamba kipo. Akasema kile ni cha kurekebisha kidirisha kifuate jicho la mtu, ili hata mwenye miwani aweze kutazama bila miwani yake. Picha hakiigusi, kinagusa macho ya anayetazama tu. Mwenyewe alikiweka katikati siku aliyonikabidhi, na sasa kilikuwa kimepelekwa hadi mwisho. Nikasema kimejizungusha chenyewe nikiibeba begani. Akacheka, akasema hakizunguki mpaka ukivute kwanza nje kwa ukucha. Kisha akaniuliza nyumbani kwangu nani haoni mbali.

Nikamjibu hakuna. Nikarudi nyumbani nikipuliza mluzi njia nzima, mwepesi kama niliyevua buti, na swali lake likinifuata nyuma.

Wifi yako nilimkuta uani anaanua nguo. Nilimuuliza kwa utani nani kamgusa mke mwenzake. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nguo mapajani, akaniuliza kama ameiharibu. Nikamwambia hapana, aseme tu. Ndipo akaniambia kwamba siku moja alikuwa anaifuta vumbi, ukucha wake ukanasa kwenye kitu kidogo pembeni ya kidirisha, kikatoka nje kikazunguka. Akatia jicho kuona kama kimevunjika, na kamera ilikuwa imeelekea bombani. Akamwona shomoro. Alisema alimwona mpaka ulimi. Alisema aliona kwamba tofali la ukuta wa jirani lina vishimo, na kwamba mti wa nje una majani, jani moja moja, siyo rangi ya kijani iliyobandikwa juu ya gogo. Akadhani ndivyo kamera zinavyofanya, kwamba ni miujiza ya ile lenzi. Na tangu siku hiyo kila asubuhi nikishatoka kwenda kazini anaishusha kabatini, anaiweka juu ya dirisha la jikoni, anatazama. Mara mojamoja anabonyeza. Anaifuta picha kwenye kadi kabla sijarudi. Ile ya shomoro aliisahau, na nilipoanza kujisifia nayo akaniachia sifa, akinionea huruma kwa sababu ya mgongo.

Kwa hiyo, dada, picha iliyoko sebuleni kwako ni ya wifi yako. Mimi ni mchukuzi tu. Wageni uliokwisha kuwaonyesha itabidi uwaite tena.

Nikamuuliza, kama mtu anayeota, bila kamera anaonaje. Akasema kama watu wote. Watu wa mbali ni moshi, unawajua kwa mwendo na kwa nguo. Alidhani sisi sote tunaona hivyo, ila wengine ni hodari zaidi wa kubahatisha. Tumeishi chini ya paa moja tukazeeka, na sikujua. Yote yakanijia kwa pamoja. Siku ya mahafali ya binti yetu alimpigia makofi na vigelegele mtoto wa watu, tukacheka mpaka tukalia, kumbe cha kucheka hakikuwepo. Majirani wanaosema anajisikia. Na wewe mwenyewe uliyelalamika kwamba kwenye harusi ya mpwa wangu alikupita ukumbini bila salamu, mkakaa mmenuniana mwaka mzima. Hata kreni yangu, ambayo nimemwonyesha mara nyingi nikijidai kwamba kile ndicho kiti changu, alikuwa anaona mstari wa njano tu. Kwamba juu yake kuna mtu aliamini kwa heshima.

Sasa ana miwani. Njia nzima kutoka kwa yule daktari alikuwa akisoma mabango kwa sauti, la fundi cherehani, la kinyozi, la kuzuia watu wasikojoe ukutani. Alinitazama usoni nikiwa upande wa pili wa barabara, akasema kumbe nina mvi kwenye nyusi na hakuna aliyemwambia. Nami nimerudi juu kitini kwangu. Kamera tumeigawana: Jumapili ni yangu, siku nyingine zote ni yake, na kabla ya kutazama kila mmoja anakizungusha kigurudumu upande wake. Jana kanionyesha mbayuwayu aliyempata angani. Mdomo umejaa wadudu. Nimeona wivu, siwezi kukuficha.

Limebaki neno moja, na ndilo lililonifanya nikae na kalamu. Utauliza kwa nini nilikuficha wewe, mtu ambaye hata jino likinitoka nilikuwa nakuletea. Dada, ni kwa sababu yako. Mimi nilikuwa mdogo lakini nilikuwa naona. Baba alitembea na mkono wake begani kwako tangu ukiwa shuleni mpaka tulipomzika. Uliacha ualimu uliokuwa umeupata kwa jasho lako. Wachumba walikuja wakaondoka, na shemeji alikupata kwa sababu alikuwa na subira kuliko wote. Hujawahi kulalamika hata siku moja. Nilipodhani nimefikiwa, nilijua ningekuambia tu ungefunga mizigo yako na kuja kunipa lile bega. Nikaapa kwamba sitaligusa. Nilikuwa tayari kuhama mji bila kukuaga. Nisamehe kwa kimya changu na kwa simu zako zote nilizoziacha ziite.

Sasa nisikilize. Daktari aliniuliza kama baba alikuwa na watoto wengine. Nikamwambia nina dada mkubwa. Akauliza kama amewahi kupimwa, na nikaona aibu kwa sababu sijui. Katika hofu yangu yote nilimfikiria baba na nikajifikiria mimi. Sikukumbuka hata mara moja kwamba wewe nawe ni mtoto wake, na ulishapita umri huu zamani. Ameniambia ugonjwa ule ukiwahiwa una dawa, na kwamba hauumi, ndiyo maana watu huchelewa. Usinijibu kwamba huna nafasi. Usiniambie unaona vizuri, kwani hivyo ndivyo alivyosema wifi yako. Jumamosi ijayo tunakuja, na Jumatatu tunakwenda pamoja hospitali, mimi nitakaa nawe kwenye benchi mpaka waite jina lako.

Msalimie sana shemeji, mwambie nitamletea ile dawa ya kuchua kutoka kwa mlinzi apake goti, kama itakuwa imebaki. Wapwa zangu wabusu wote. Binti yangu anakusalimu, shangazi yake. Na wifi yako, aliyesimama nyuma yangu akisoma kila ninachoandika kwa sababu sasa anaweza, anasema nisifunge barua bila salamu zake. Anasema hajawahi kuuona uso wako ukiwa upande wa pili wa chumba, na kwamba safari hii usimfuate njiani, ubaki umesimama mlangoni kwako, akusalimu kuanzia getini.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Dereva wa kreni